Mkono wa Mwamuzi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la kinyozi, kwenye ukuta unaobanduka rangi kama mgonjwa wa surua. Mimi nauza kahawa hapo, kwa hiyo nasikia yote hata nisipotaka, na mara nyingi sitaki. Wa kudumu ni watatu. Spika, ambaye hakuna aliyemchagua. Daktari, ambaye kazi yake ni kuuza sumu ya panya. Na fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba kwa sababu ya mpwa wake mmoja tu, Kimondo, mrusha mpira wa kasi kwenye kriketi. Mjomba ndiye aliyemshonea mpira wa kwanza kwa mabaki ya ngozi, alipochoka kuona mawe yanavunja vioo vya watu. Mtoto akakua, akarusha, timu za kulipwa zikamchukua ng'ambo, tukawa tunamwona kwenye televisheni ya kinyozi, ile iliyokufa sauti zamani ikabaki picha. Asubuhi hiyo tulikuwa tumeshasikia kwamba timu yake imemwacha, na kwamba anarudi nyumbani. Tulimngoja jana yake, hakutokea.

— Wamemwonea, akaanza Spika. Ni wivu tu.

— Wivu gani, na wao ndio waliomwajiri? nikauliza.

— Bibi, wewe mimina kahawa. Haya ni mambo ya kiufundi.

Daktari akakohoa kidogo, kama anavyofanya akitaka kupotosha watu.

— Ni mpira. Umetiwa chuma ndani, uwe mzito. Hamkumwona mechi ya mwisho alivyokuwa anashika kiuno?

— Kiuno ni uchovu, akasema Spika. Kosa la yule bwana ni haraka. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Yeye anatoka mbio toka kule kama anafukuzwa na mgambo!

Mjomba alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa.

— Mrusha mpira wa kasi aende pole? Si umwambie na mpishi asiwashe moto.

— Simlaumu, Mjomba. Nasema tu.

— Kusema tu ndiko kunakotumaliza, nikasema. Wakajifanya hawakusikia.

Daktari akasogea karibu, akashusha sauti.

— Basi niwaambie la ndani. Walimpeleka hospitali, wakamtia kwenye lile dude kama bomba, linalonguruma. Wakasema wanampima mgongo. Uongo! Mle ndani walimnyonya kasi, wakamtilia mtoto wa kocha.

— Kasi inanyonywa? akauliza Mjomba.

— Damu si inatolewa kwa huyu ikaingia kwa yule? Kasi ishindikane kwa nini?

Hata kinyozi akacheka, wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Mjomba hakucheka. Tangu habari ije alikuwa anashona kiatu kile kile, anafumua, anashona tena.

— Mimi ushahidi ninao, akasema Spika. Mechi ya mwisho, mwamuzi alimpa heshima kuliko siku zote. Akirusha, mkono! Akirusha, mkono! Halafu wiki haijaisha wanamwacha? Hiyo ni njama.

Akasimama, akanyoosha mkono mmoja pembeni, sawa na bega, kama mtu anayezuia mbuzi wasivuke barabara. Ishara hiyo mtaani kwetu kila mtu anaijua. Siku ya kwanza tulipomwona Kimondo kwenye picha, mwamuzi aliufanya mkono huo, na Spika akatoa fatwa papo hapo: kidole kikiinuliwa juu, mpigaji wa upande wa pili ametolewa. Sasa kama kidole ni kizuri, mkono mzima je? Hiyo ni sifa ya mrushaji. Tangu siku hiyo, mkono ukinyooka, kinyozi huacha kichwa nusu, makopo yanapigwa, wanawake wanatoka na vigelegele. Miaka mingine ulionekana kwa nadra. Mechi ya mwisho ulinyooka mpaka makopo yakabonyea.

— Mkono mtupu haulambwi, Spika akafunga hoja. Na ule haukuwa mtupu.

Palikuwa na mwanamume amesimama nyuma yake, mgeni, mrefu, vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Alikuwa akimwangalia Spika toka alipoinua mkono.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Namtafuta mjomba wake Kimondo.

— Umempata, akasema Mjomba, akainuka na kiatu mkononi.

— Mimi ni mdaka mpira wake. Miaka yote nasimama nyuma ya vile vijiti vitatu, nadaka anachorusha.

Spika akampisha kwenye benchi.

— Karibu, karibu! Yuko wapi shujaa? Tumeandaa mapokezi.

Mgeni hakukaa.

— Yuko kwangu, hapa hapa mjini, analala sakafuni, kitanda hakiwezi. Mfupa wa mgongo umepasuka, huku chini. Hatarusha tena.

Daktari wetu akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Mzee, akasema mgeni, akimtazama Spika. Huo mkono uliokuwa unauonyesha, mnasema maana yake nini?

Spika akamweleza. Akaeleza vizuri, na kidole, na mkono mzima. Mgeni akangoja amalize.

— Ule unaitwa nobo. Mrushaji amekanyaga akapita mstari. Mpira wake ni bure, na wapinzani wanapewa pointi. Siku ile mgongo ulimwuma mpaka mguu ukawa haumtii, unatua unakotaka. Kila mkono ulipoinuka, alikuwa anakwisha.

Kinyozi akazima mashine yake.

— Mechi ilipoisha alipiga simu huku, mgeni akaendelea.

— Alinipigia mimi, akasema Mjomba. Makopo yalikuwa bado yanalia. Nikainua simu juu ayasikie. Nikamwambia, sikia mwanangu, sikia watu wako walivyofurahi.

— Aliyasikia. Ndiyo sababu hataki kuja hapa. Anadhani mlimcheka.

Mjomba akakaa, akasimama tena.

— Mwambie hatukujua.

— Nimekuja bila yeye kujua. Mwambie mwenyewe.

Akabonyeza simu, akampa. Simu yenyewe ilikuwa ya sauti kubwa, ikasikika benchi zima inavyoita. Ikapokelewa.

— Mwanangu, akasema Mjomba. Ni mimi. Ule mkono, hatukujua. Tulidhani mwamuzi anakusifu. Haki ya Mungu, hatukujua.

Ikaja sauti ya Kimondo, nzito, ya mtu aliyelala chali.

— Mlidhani ananisifu?

— Tangu siku ya kwanza, mwanangu. Hakuna aliyekucheka.

— Nimekuelewa, Mjomba.

Spika akashusha pumzi, akataka kuchukua kikombe chake. Sauti ikaendelea.

— Lakini kila likizo nilikuja. Nilikaa benchi hilo hilo, nikanywa kahawa ya Bibi. Mliniuliza habari za ndege, mkaniuliza theluji ikoje, mkaniuliza wachumba. Ile kazi yenyewe, Mjomba, mbona hamkuniuliza hata siku moja?

Mjomba akamtazama Spika. Spika, ambaye ana methali ya msiba na ya harusi na ya kuibiwa kuku, akatazama viatu vya wateja. Daktari akageukia barabarani. Mimi nilikuwa na birika mkononi, na kikombe cha mtu kilikuwa kimeshajaa.

Kijana hakukata simu. Alikuwa anangoja jibu. Tukawa tunamsikia anavyovuta pumzi, taratibu, kwa vipande, kama mtu ambaye kupumua nako kunamwuma.