Nyuki au Moshi

Asubuhi moja ya mwaka sitini na tisa, banda la jiko la Sheikha kule Kizimbani lilishika moto. Alikaa ndani akiuzima, na alipotoka mbio, nyuki wa mzinga uliokuwa pembeni, waliochokozwa na moshi ule, wakamvamia. Majirani wakampandisha gari la abiria lililokuwa likienda mjini, midomo imemvimba, kifua kinambana.

"Nyuki hao," alisema bibi mmoja mwenye buibui. "Hamwoni alivyotoka vipele mwili mzima?"

"Moshi, bibi," alijibu mwanamme wa kiti cha mbele. "Sauti imemkauka, na masizi yale puani. Mlazeni!"

"Ukimlaza hatopata pumzi. Mpeni maziwa."

"Atayameza vipi na koo limeziba?"

Sheikha alimsikiliza huyu akaona kweli, akamsikiliza yule akaona kweli vilevile. Alipotaka kusema, sauti haikutoka. Aling'ang'ania buibui la yule bibi wasimlaze, akabaki ameketi wima, kila pumzi akiitafuta.

Dereva hakusimama popote mpaka mlangoni pa hospitali. Daktari akaingia garini. "Kimempata nini?"

"Nyuki!"

"Moshi!"

Daktari hakungoja wakubaliane. Alimchoma pajani sindano ya kufungua pumzi pale pale kitini, akaagiza oksijeni. Moyo wa Sheikha ukaenda mbio, kisha taratibu kifua kikafunguka.

"Sasa tuambie wewe mwenyewe, bibi," daktari alisema. "Ni nyuki au moshi?"

Gari zima likamgeukia.

"Sijui," alisema Sheikha, na machozi ya furaha yakamtoka kwa kuisikia sauti yake.