Uzito wa Watu Arobaini na Wanane: Wasifu wa Marehemu Dionis Lugembe, Mnyapara wa Daraja la Isevya

Padri, wanandugu, na nyinyi wajane watano mliosimama kule nyuma: mimi ni Tekla, dada wa marehemu. Nimepewa karatasi hii niisome, nami nitaisoma yote. Wazee wa ukoo waliniomba niziache habari za daraja. Sikuziacha, na mwenye kununa anune.

Marehemu Dionis Lugembe alizaliwa Itetemia tarehe 9 Oktoba 1906, mtoto wa kwanza wa mama yetu Bertila na baba yetu, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pwani. Baba alimfundisha kujua uzito wa mzigo kabla haujapanda begani. Akiwa na miaka kumi alikuwa akinyanyua kuku sokoni, anataja ratili zake, kuku anawekwa kwenye mizani, na hakosei hata mara moja. Mama alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa khanga.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1919 hadi 1924, akajua kuandika na kupiga hesabu. Mwaka 1926 alianza kibarua cha reli, na mwaka 1940 akawa mnyapara. Januari 1931 alifunga ndoa na Veneranda, wakajaliwa watoto watatu. Wifi yangu alimtunza vizuri, wala sina neno naye.

Haya, daraja. Mvua za mwaka 1948 zilichimba mguu wa nguzo ya kati ya daraja la zamani la Isevya, lile la Wajerumani. Mkandarasi akaamua kuweka la chuma lisilo na nguzo katikati, futi tisini kutoka ukingo hadi ukingo. Liliungwa lote upande wa mjini, kisha likasukumwa polepole juu ya magurudumu ya chuma livuke korongo. Kichwa cha daraja kikisogea hewani bila kushikiliwa na kitu, mkia lazima ukandamizwe, la sivyo lote litapinduka. Reli kuukuu za kuukandamiza zilikuwa hazijafika. Injinia akapiga hesabu: watu arobaini na wanane wakae mkiani, kila mmoja ratili mia moja na arobaini, jumla tani tatu. Ratili hizo walipimwa siku walipoandikwa kazi.

Tangu siku hiyo walikuwa wamekonda. Mwezi Agosti 1949 nyundo moja ilipotea, na marehemu akawakata wote nusu ya posho ya unga kwa wiki sita, na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Alikuwa na roho mbaya, mliofanya kazi naye mnajua. Injinia alipomwuliza kama watu wanatosha, mtu huyu aliyejua uzito wa kuku kwa mkono alijibu kwamba wanatosha. Angesema hawatoshi, angeulizwa unga umekwenda wapi.

Tarehe 14 Oktoba 1949, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki futi saba kichwa kiguse ng'ambo, mkia uliinuka na watu wake. Walikufa sita. Mmoja wao alikuwa mume wangu, Limbu. Afisa alipokuja kuchunguza, marehemu alimwambia kwamba Limbu, aliyekuwa mzito kuliko wote, alisimama kuifuata kofia yake iliyochukuliwa na upepo. Ikaandikwa hivyo. Tangu hapo nikaitwa mke wa muuaji. Miaka minane kanisani mmenigeuzia visogo, na binti yangu posa yake imevunjwa mara mbili. Daraja lilikuja kumalizwa, na garimoshi la Mwanza linapita juu yake kila siku.

Marehemu alianza kuugua tumbo Novemba 1957. Hospitalini walimpandisha kwenye mizani, muuguzi akasoma ratili tisini na moja. Akashuka, akakaa sakafuni. Nilikuwa nimempelekea uji. Akaniambia, "Tekla, Limbu hakusimama. Watu wangu walikuwa wepesi, na nilijua."

Nikamwuliza unga ulikwenda wapi.

"Ulikuja kwako," akasema.

Ni kweli. Kila Jumamosi aliniletea debe, nikapika ugali, Limbu akala akanenepa huku wenzake wakikonda. Nilikuwa nikijiambia kwamba hilo ni fungu la mnyapara. Hapana, leo sidanganyi mbele ya maiti: nilijua ni wa watu, na sikuuliza ni wa nani.

Nilimsihi ayaseme hayo mbele yenu. Akasema atayasema akipona. Alifariki tarehe 2 Machi 1958, saa kumi alasiri, akiwa amekwisha kupakwa mafuta ya wagonjwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mimi dada yake. Ameacha pia nyinyi watano, ambao wazee hawakutaka niwataje. Waume zenu hawakuuawa na Limbu. Limbu alikuwa amekaa palepale alipoambiwa akae, akafa amekaa.

Desturi inataka mimi nitangulie kutupa udongo. Sitatangulia. Wajane wenzangu, njooni mbele. Mkimfukia, basi apumzike, nami nitawashukuru. Mkikataa, vijana waweke majembe chini, tukae naye hapa juani.