Bi Gramu na Mwezi Uliokataa Kunenepa

Ijumaa hii, tarehe 14, Bi Gramu anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu ya kukagua mizani. Jina lake halisi liko kwenye hati ya mshahara. Hili tunalomwita alipewa na wauza nyanya, ambao wakimwona tu na sanduku lake la mawe ya mizani huanza kusugua mizani zao kama wanaogesha watoto.

Alianza kama karani wa fomu, akapanda hadi mkaguzi mkuu, na hajawahi kugonga muhuri kwa kutazama tu. Ukimwambia hii inaonekana sawa, atakuuliza hayo macho yako yalikaguliwa lini. Mumewe, fundi cherehani, anaapa kwamba tepu yake ilikaguliwa kabla ya posa yake kujibiwa.

Sasa, mwaka wake wa tisa kazini, jioni moja tukifunga ofisi, mwezi ukachomoza nyuma ya ghala, mkubwa ajabu. Bi Gramu akatangaza kwamba ukifika juu huwa nusu ya huo. Mlinzi wa geti akamwambia, taratibu tu, kwamba mama, mwezi ni uleule. Weee! Bi Gramu alipandisha hasira. Mbele yetu sote akaapa kwamba akikosea atarudisha muhuri. Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Akatoboa kadi kwa mashine ya kutobolea karatasi, akanyoosha mkono, akafumba jicho moja. Mwezi ukaenea ndani ya tundu. Usiku, ulipokuwa juu na umenywea, alipima tena uani kwake, mumewe akiwa shahidi. Tundu lilelile, mwezi uleule.

Asubuhi muhuri ulikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, na barua: macho ya mkaguzi yamethibitika kutoa vipimo vya uongo, hivyo anaomba kuondolewa. Kope zilikuwa zimemvimba kwa kulia. Jamani, tulijuta kucheka. Mkuu alimweleza kwamba mwezi ukiwa chini, jirani na mapaa, ubongo hudhani uko mbali zaidi, basi unaukuza. Angalau wengi husema hivyo, maana wataalamu wenyewe bado wanabishana. Kila mtu hudanganyika. Bi Gramu akajibu kwamba kila mtu si mkaguzi, na yeye anataka ushahidi.

Mkuu alikuwa amesoma mahali kwamba ukiinama na kuuchungulia mwezi katikati ya miguu yako, aghalabu husinyaa. Jioni hiyo, mwezi ulipochomoza, akainama uani pa ofisi, na tai yake. Nikainama mimi. Akainama mlinzi, kofia ikamdondoka. Dereva wa lori aliyekuwa anaingia ghalani alitutazama kidogo, akarudi kinyumenyume. Tulikiri mmoja mmoja, kwa sauti, kwamba macho yetu pia ni waongo. Mwishowe akainama Bi Gramu. Alikaa huko muda mrefu, akainuka machozi yanamtoka kwa kicheko, akaenda kuchukua muhuri wake.

Tangu siku hiyo, miaka ishirini na minne, hajautazama mwezi unaochomoza bila kuupima.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kujikagua sisi kabla ya kumkagua mwenye duka. Tutakukosa mno. Ijumaa mwezi utakuwa mpevu. Toka nje na mumeo, mikono mitupu, uutazame ulivyo mkubwa. Hakuna anayesubiri ripoti. Afya njema, na mapumziko yasiyo na kipimo.