Hatutawazika

— Ulisema tutawazika.

— Nilisema tutawazika kwa kura, Mizani. Kwa kura. Kila mwenye masikio alielewa.

— Hukutaja kura. Ulisema, "Oktoba tutawazika," ukashuka jukwaani watu wanapiga vigelegele.

— Na chama tawala waliponishtaki wilayani kwamba natishia kuua, nifanyeje? Jumapili nikapanda tena, nikasahihisha. Nikasema, "Haya, basi, hatutawazika." Sasa tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa limekaa nao pale pale kwenye benchi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na benchi lilikuwa limeegemea ukuta wa nyumba ya Ikupa, muuza kahawa wa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, chini ya bati lililokuwa likidondosha manyunyu tangu usiku. Kila asubuhi walikaa hapo watatu wale wale, wote wa chama kipya. Hezron, fundi seremala na katibu mwenezi wa tawi, aliitwa Msumari kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Gwamaka, karani wa kupima majani ya chai ya wakulima, aliitwa Mizani. Amoni, kondakta mstaafu wa mabasi, aliitwa Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Ikupa mwenyewe hakuwa na chama. Mwenye chama alikuwa mumewe, mzee Ambindwile, balozi wa nyumba kumi wa chama tawala kwa miaka kumi na minane, ambaye sasa alikuwa amelala chumba cha ndani, na tangu alfajiri miguu yake ilikuwa ya baridi. Ikupa alikuwa ameisugua mpaka mikono ikachoka. Wakimuuliza hali ya mgonjwa, alijibu, "Anaendelea," akamimina kahawa. Lakini masikio yake yalitafuta jambo moja tu katika maneno yao yote: siku ikifika, nani atamchimbia kaburi.

— Tatizo liko Kinyala, alisema Mizani. Jumanne amezikwa mama wa mjumbe mmoja wa chama tawala. Wazikaji saba tu, Msumari, tena wawili watoto; wa chama chetu hata mmoja. Mchungaji kavua koti, kashika jembe mwenyewe.

— Mimi nilimkataza nani?

— Hukumkataza mtu. Hapo ndipo panaponitisha.

Redio alipuliza kikombe chake.

— Tusigombane, jamani. Penye wazee haliharibiki neno.

— Limeshaharibika, na wewe mzee ulikuwepo.

Msumari akageukia upande wa pili, kama mtu anayetafuta hadhira pana zaidi ya ile ya benchi.

— Nyinyi mnasahau tulikotoka. Mwezi wa tatu mgombea wetu, Mwalimu Isakwisa, alihutubia pale sokoni. Watu kumi na wawili, na mbuzi. Anawaambia, "Ndugu zangu, tuvumiliane." Nani ataacha kuchuma chai yake aje kusikiliza kuvumiliana? Nikapanda mimi, nikawapa mawili matatu ya moto. Jumamosi iliyofuata uwanja haukutosha.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Redio.

— Hajikwai kwa sababu hajaondoka.

Wakacheka. Hata Ikupa midomo ilimcheza.

— Nikueleze kitu cha kazini kwangu, alisema Mizani. Mkulima mjanja huyalowesha majani kabla ya kuja kupima. Kapu linakuwa zito, mshale unaruka, na karani mgeni anafurahi. Yakifika kiwandani yakaanikwa, yakanyauka, unagundua ulipima maji. Uwanja wako ule, Msumari, ni majani ya mvua. Wanakuja kukusikia unavyotukana, wanacheka, wanarudi kwao. Siku ya kura kila mtu peke yake atajiuliza: huyu akishika nchi, mimi atanifanyaje?

— Wataniogopa. Woga ni heshima.

— Woga ni woga. Mama mkwe wangu alikuwa na kadi yetu. Jumapili jioni kaiwashia moto wa ndizi. Kasema, chama kisichozika anakipeleka wapi?

— Huyo alikuwa hajaiva.

— Ndizi ziliiva.

Redio akaona nafasi yake.

— Mnajua wakali huwa wanatumwa? Mimi nimesikia. Huko nje, chama kikubwa kinamkodi mtu aingie chama kidogo, awe mkali kuliko wote, mpaka watu wa kawaida wakimbie wenyewe.

Msumari akaweka kikombe chini taratibu.

— Unasema nimetumwa?

— Nasema nimesikia. Na hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mtu asiyezikwa hajafa kiserikali. Jina lake linabaki kwenye daftari la wapiga kura. Tukikataa kuwazika, tunawaongezea kura. Oktoba tutashindwa na marehemu.

— Redio, badilisha stesheni.

— Na marehemu haugui, wala hahongwi akahama chama. Asiyekuwepo na lake halipo, isipokuwa kwenye daftari.

— Na wewe, Msumari, alidakia Mizani, majeneza yako utamuuzia nani? Au utaanza kuuliza kadi kabla ya kupima urefu?

Safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Ikupa hakucheka kabisa. Alikuwa akiitazama mikono iliyoshika vikombe vyake: ya Msumari, kucha ya gumba imepigwa nyundo ikawa nyeusi, ya Mizani, yenye madoa ya utomvu wa chai yasiyotoka kwa sabuni, ya Redio, mirefu, iliyozoea kuning'inia mlangoni mwa basi. Mwaka juzi mikono ile ndiyo iliyomchimbia mama mkwe wake kaburi. Hakuna aliyewaita. Walikuja kabla kilio hakijafika barabarani, na mvua ya Tukuyu ikiwanyeshea mgongoni.

Mizani alishusha sauti.

— Niwaambieni jambo. Hata mke wangu halijui. Jumanne nilitoka na jembe begani, naenda msibani Kinyala. Pale njia panda nikawakuta vijana wetu wanne. Wakanitazama, nikawatazama. Nikasema, "Naenda shamba." Wakasema, "Na sisi." Nikaingia kwenye shamba la kwanza nililoliona, nikaanza kulima.

— Shamba la nani? aliuliza Redio.

— Sijui. Nimemlimia mtu matuta mawili ya viazi, simjui mpaka leo. Jana nimekutana na kijana mmoja kati ya wale wanne. Kumbe majembe yao nayo yalikuwa ya msibani. Walikuwa wananikimbia mimi.

 

Ikupa akaweka birika juu ya jiko. Alijua kwamba asipouliza sasa hatauliza tena.

— Baba Doreen.

— Naam, Mama Lusungu, aliitika Msumari.

— Neno lako la Jumapili. Ni amri, au ulikuwa utani?

Msumari hakumtazama. Alitazama ng'ambo ya barabara, ambako vijana wawili wenye kofia za chama walikuwa wamejikinga manyunyu kwenye kibaraza cha duka la mafuta ya taa, wakimsubiri. Akapaza sauti:

— Chama hakina utani, mama.

Kisha akainama, kana kwamba anaokota kikombe, akasema kwa sauti ya ndani ya koo:

— Usiniulize hapa. Nikisema ulikuwa utani, kesho naitwa msaliti. Wale hawanijui mimi. Wanalijua neno langu.

— Si vijana wako? alinong'ona Mizani.

— Walikuwa.

Siku zote hizo Ikupa alidhani mwenye kisu ni huyu anayekunywa kahawa yake, na kwamba mwenye kisu anaweza kuombwa. Angempigia magoti, angemkumbusha mvua ya mwaka juzi. Sasa aliona kwamba hakuna wa kumpigia magoti. Amri haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa imeachiliwa tu mitaani kama mbwa, na mtu wa kwanza kuikaribia ndiye angeng'atwa. Aliwatazama wote watatu, watu wazima, wakitazama mabuti yao.

Ndipo alipotambua kwamba kikohozi cha ndani, kilichokuwa kikimjia kupitia ukuta tangu asubuhi, hakijasikika kwa muda mrefu.

Mlango ulifunguliwa. Kizingitini alisimama Anyosisye, dada yake Ambindwile, aliyefika jana kutoka Kisiba kumuuguza kaka yake. Alikuwa mama wa migomba na kanisa. Jukwaa la Jumapili hakulisikia, wala hapakuwa na aliyemweleza. Kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kwa fundo gumu, na kilemba hakikuwepo kichwani. Kahawa ikamwagika kwenye goti la Redio, naye hakujifuta. Ng'ambo, vijana wawili waliacha kuongea wakageuza shingo.

Anyosisye aliwatazama wanaume wa benchi mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayeshukuru kukuta nyumba ya kaka yake haiko peke yake.

— Ndaga, baba zangu, kwa kukaa karibu naye. Ametutoka sasa hivi. Majembe mtakuja nayo, au mtatumia ya hapa?