Aliyesikiliza Ubavu wa Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya kazi na baba, mimi ni binti yake wa kwanza, fundi cherehani, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia kwa sababu wadogo zangu wanadai mimi ndiye mwenye roho ngumu, jambo ambalo si kweli, mnaiona wenyewe karatasi inavyotetemeka, naogopa, naomba mnivumilie.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Sikio mpaka jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba iliyopakana ukuta na mashine ya kusaga nafaka aliyoiendesha babu, na marehemu bibi alikuwa akisema kwamba wanawe walilala fofofo mashine ikiunguruma na kuamka wakilia ikizimika, maana ikizimika ghafla huenda mkanda umekatika na umempiga baba yao. Tangu utotoni, basi, kilichomtisha baba hakikuwa kelele, kilikuwa kimya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akaendelea na sekondari, akapata stashahada ya mifugo mwaka 1978, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa ng'ombe wa maziwa, ambako kazi yake ya kwanza ilikuwa kusikiliza matumbo. Kwa sisi tusiojua, ng'ombe ana tumbo kubwa upande wa kushoto, humo ndimo majani huchachuka kabla hajayacheua, na tumbo hilo likiwa zima huunguruma mara kwa mara kama mtu anayesukuma kabati chumba cha pili, ila likipewa nafaka nyingi kwa pupa hugeuka chachu, likasimama, na ng'ombe akafa.

Mwezi Agosti mwaka huohuo ng'ombe mmoja alivunja mlango wa stoo akajishindilia mahindi yaliyosagwa, baba akaitwa mbiombio kabla hajatia kitu kinywani, akabandika sikio nyuma ya ubavu wa mwisho, akasikia mngurumo, akatangaza kwamba mgonjwa ni mzima, watu wakatawanyika, na jioni ng'ombe yule akafa. Daktari wa mifugo alipompasua alisema tumbo lilisimama tangu asubuhi, ndipo baba alipotambua kwamba alichosikia ni tumbo lake mwenyewe likidai chai. Wenzake walicheka mpaka machozi, nao ndio waliombandika lile jina, lakini yeye hakucheka, na tangu siku ile hakusikiliza tena akiwa na njaa, koti lake la kazini halikukosa kipande cha mkate, na utafiti wake wote, pamoja na shahada aliyoipata mwaka 1986, ulihusu swali moja tu, namna ya kumwongezea ng'ombe nafaka polepole bila kulitisha tumbo lake.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na mama yetu, mpimaji wa mafuta ya maziwa katika maabara ya kituo hichohicho, ambaye husema alichumbiwa kwa mkate uliotoka kwenye koti linalonuka majani yaliyochacha, na kwamba mpaka leo hajui kilichomfanya akubali. Walijaliwa watoto wanne. Nilipokuwa na miaka minane baba alinipeleka kumwona ng'ombe aliyewekewa dirisha ubavuni ili watafiti wafikie tumbo lake, akafungua kifuniko cha mpira akazamisha mkono hadi begani, nikapiga yowe, naye akaniambia nisimwogope ng'ombe anayetafuna, nimwogope aliyenyamaza. Alistaafu mwaka 2016.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ana uvimbe, na tarehe 3 Februari akafanyiwa upasuaji, baada ya hapo tukawa tunangoja matumbo yaamke, yaani yaanze tena kuunguruma, na kila daktari aliyeingia wodini alimwekea kipimo cha kusikilizia tumboni, akapandisha mabega, akaondoka. Baba aliyaelewa yale mabega yao. Siku moja mchana aliniambia, "Mwanangu, sikio la mtu halifiki tumboni mwake, hebu nisikilizie wewe," nikaanza kuinama, akanizuia, "Umekula?" nikasema sijala, akasema, "Nenda kale kwanza."

Nilikwenda kantini nikala mkate na yai, nikarudi nikaweka sikio. Nilitamani hata tumbo langu liungurume nijidanganye, lakini nilikuwa nimeshiba, yeye mwenyewe alikuwa amehakikisha hilo. Nikamwambia, "Baba, kimya." Akanishika mkono, akasema, "Umesikia vizuri. Na mimi naogopa, mama. Basi ongea, usinyamaze," nikaongea, nikamsimulia zipu zinazokwama, wateja wanaonenepa kabla ya kuja kuchukua nguo, chochote, mpaka sauti ikanikauka. Alifariki tarehe 11 Februari asubuhi, wauguzi wakipeana zamu, mama akiwa anamwambia bei ya nyanya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walihangaika naye mpaka mwisho, majirani mliopika na kutandika, na ninyi wa kituoni, tumewaona mmekuja na makoti ya kazi.

Ratiba inasema sasa tusimame dakika moja ya kimya. Mniwie radhi, hiyo tumeiondoa. Simameni, lakini semeni na aliye karibu nanyi, kohoeni, mwiteni Sikio kama mlivyozoea, na watoto wanaolia msiwanyamazishe, kwa sababu tunakwenda kumlaza mahali ambapo mimi siwezi kumwongelesha, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Pumzika kwa amani, baba, kelele tuachie sisi.