Dakika Moja ya Otis Brandvold

Mheshimiwa Meya wa Port Halvorsen. Mchungaji Lindqvist, ambaye sauti yake haijarudi tangu Jumatano. Wachezaji wastaafu wa Wahunzi, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, pamoja na magoti yenu. Ndugu zangu wa Jukwaa la Kaskazini wenye tiketi za msimu mzima. Ndugu wa tiketi za siku moja. Na ninyi matajiri wa vyumba vya vioo vya uwanjani, ambao leo mmeshuka mkaonja baridi ya Novemba kama binadamu wengine: habari za asubuhi. Na kwako, wifi yetu sote Lorraine, mjane wa marehemu, pole sana.

Mimi ni Bernadette Kosciuk, mwenyekiti wa mashabiki, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji. Gus Pokorny, weka hiyo soseji chini. Jeneza liko hapa.

Tumekutana kwenye maegesho haya ya uwanja wetu, kati ya majiko ya mkaa na makreti ya bia, kwa sababu hapa ndipo Otis Brandvold, mlinzi wetu namba hamsini na nne, alipopendwa kuliko mahali pengine popote duniani. Lakini jamani, tumeaibika! Lorraine alituomba nini? Aliomba sanamu? Hakuomba, tukampelekea, na imefanana na Mheshimiwa Meya. Aliomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya mumewe. Basi.

Jumatano, kanisani, tulifika sekunde ya kumi na moja. Mtu mmoja, simtaji, Gus, akapaza sauti ule wito wetu wa walinzi: "Zuia!" Kanisa zima likaitikia "Zuia! Zuia!" huku tukigonga mabenchi, na Mchungaji akatushinda wote kwa sauti. Jana, ndani ya uwanja, tulijitahidi kweli. Tulifika sekunde ya hamsini. Kisha watu elfu thelathini tukaanza kuhesabu, "Kumi! Tisa! Nane!", na tulipofika sifuri kuna mwendawazimu akalipua fataki.

Jana hiyohiyo Lorraine aliniita jikoni kwake. Akaniambia, "Bernie, kesho mkishindwa tena, namzika Arizona kwa dada yake. Kule jangwani hakuna wa kupiga kelele." Gari la kumpeleka uwanja wa ndege ni lile pale, na dereva ameshaliwasha.

Arizona! Otis! Mtu aliyekuwa akitoka jasho kwenye theluji ya Januari!

Msinizomee mimi. Tujiulize wenyewe: ni nani kati yetu aliyewahi kumwachia mtu huyu nafasi ya kupumua? Wapinzani wakiwa na mpira, kazi yetu ni kupiga kelele wasisikilizane, na Otis, kama mlinzi, aliingia uwanjani wakati huo tu, miaka kumi na mitatu. Akastaafu. Je, tulinyamaza? Majira yale ya baridi tulisimama nje ya nyumba yake, tarishi akawa anakaribia mlango, nasi tukaanza: "Zuia! Zuia!" Masikini Otis, mwili wake ukatii kabla ya akili. Alimwangusha tarishi kwenye theluji, barua zikatapakaa mpaka kwa jirani. Sisi tukashangilia, tukakumbatiana! Otis ndiye aliyembeba yule bwana hadi hospitali, akaenda kumwona kila siku kwa wiki mbili, na kila alipotoka kwenye lifti tulikuwa pale tunamsubiri na mavuvuzela.

Lorraine ameniambia kitu ambacho hamkijui. Otis alikuwa akichomoa waya wa friji, anakaa peke yake jikoni, anasikiliza. "Unasikiliza nini, mume wangu?" "Hakuna kitu, Lorraine. Nakisikiliza hicho." Maziwa ya nyumba ile yalichacha kila wiki kwa miaka thelathini na moja, wala yeye hakuwahi kutukemea hata mara moja. Nikikumbuka hilo naona haya, nawaambia kweli.

Earl, nimekusikia. Rudia, wote wasikie. Earl anasema mlinzi hupigiwa kelele, na kumnyamazia ni kumtukana. Una hoja, ndugu yangu. Hata mimi mwenyewe hoja hiyo ilininyima usingizi.

Lakini niambieni: mpira ukiwa mikononi mwa wachezaji wetu, sisi huwa tunafanyaje? Tunanyamaza! Tunanyamaza ili wasikilizane. Akipiga mtu chafya, tunamtoa nje. Mimi nilimtoa dada yangu wa tumbo moja. Sasa sogeeni, mchungulie ndani ya jeneza. Mnaona Lorraine amempa nini asubuhi hii? Mnaona kilicho chini ya mkono wake wa kulia? Leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Otis Brandvold ndiye mwenye mpira. Wahunzi wenzangu, mpira ni wetu!

Sasa.

…

Sitini. Saa yangu hii ni shahidi. Nimesikia mafuta ya soseji yakidondokea mkaa. Gus, futa machozi, umefanya vizuri.

Njoo, wifi. Kipaza sauti hiki hapa. Hutaki? Haya, ninong'oneze.

Anasema dereva azime gari. Otis anazikwa hapahapa kwetu.

Ngojeni! Ngojeni, hajamaliza! Mshusheni mikono huyo mwenye vuvuzela.

Anasema… subirini kidogo, jamani, na mimi nina moyo. Anasema miaka yote hii alikitamani kimya hiki kwa ajili ya mumewe, na leo amekisikia, na ndicho kinachomsubiri nyumbani akifungua mlango. Anasema hawezi kuingia humo peke yake. Anauliza kama kesho asubuhi kuna atakayeweza kupita mtaani kwake, asimame pale nje, apige kelele kidogo.

Tutakuja, wifi. Wote hawa unaowaona tutakuja.

Mheshimiwa Meya, wageni wetu, ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa dakika hii moja, nawashukuru kwa midomo yenu.