Toimi Lehtimaa na Mlilaki Aliomwahidi Saimi

Mchungaji, mama yetu Saimi, ndugu, majirani na ninyi nyote mliokanyaga tope la theluji hii inayoyeyuka mkaja kutushika mkono, familia imemteua mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Hilja, ndiye mimi, asimame hapa asome, na imempa masharti mawili, asitie chumvi na asiwachoshe watu, la kwanza ataliweza, la pili mtamsamehe, kwa sababu marehemu mwenyewe akianza kuongea habari za mililaki, ile miti mifupi ya maua ya Juni yenye kunukia, kahawa ilikuwa inapoa vikombeni.

Marehemu Toimi Kustaa Lehtimaa alizaliwa tarehe 3 Machi 1932 hapa Kokemäki, ukingoni mwa mto, ndani ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, ya nyumbani kwao kama walivyozaliwa wengi wa rika lake, akiwa mtoto wa pili wa Kustaa na Ida Lehtimaa, wakulima wa viazi na nafaka, watu wa maneno machache na msimamo mrefu, na huo msimamo aliurithi wote, ila maneno machache sijui aliyaacha wapi.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1939 hadi 1945, vita vikiikatiza mara kwa mara, kisha akamsaidia baba yake shambani mpaka mwaka 1952 alipojiunga na chuo cha bustani cha Lepaa, akahitimu mwaka 1954, na alirudi nyumbani akiwa na cheti, kisu kizuri cha kubebeshea miche na maringo ambayo Kokemäki haijayasahau. Januari iliyofuata, mililaki yote ikiwa vijiti vitupu kwenye theluji, alipita uzio wa kanisa akigusa macho ya matawi na kutangaza, "Huu utatoa maua meupe, jicho lake ni la kijani, huu wa zambarau, jicho lake limeiva wekundu," watu wakamcheka, wakamwambia mchagua jembe si mkulima, na Juni ilipofika wakaenda uziani mmoja mmoja, kimyakimya, kuhakikisha, wakakuta hakukosea hata mmoja.

Mwaka 1955 alifungua kitalu chake nyuma ya nyumba ya wazazi, akajenga banda la kioo kwa madirisha ya zamani, na kwa miaka sitini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuotesha mililaki na kuwachagulia watu wa mkoa mzima ipi iwafae. Hakuuza mlilaki kwa picha. Mteja akija mchana alimzungusha bustani nzima, kisha akamfukuza kwa heshima, akimwambia, "Nenda kale, urudi jioni, mchana unachagua kwa macho, jioni kwa pua, na pua ndiyo utakayoishi nayo." Mwalimu mkuu alipotaka kupanda mmoja chini ya dirisha la chumbani alimjibu, "Mwalimu, hapo hapana, Juni utafungua dirisha upate hewa, utapata marashi mpaka kichwa kikuume," na mchungaji wa wakati ule alipoagiza mlilaki mwekundu kabisa, aliousoma mahali fulani, aliambiwa, "Baba mchungaji, mlilaki mwekundu ni kama mkulima asiyelalamika, anasikika tu, hajawahi kuonekana." Wenye tamaa ya maua yaliyojaa petali aliwaonya kwamba mvua moja itayainamisha kama walevi wanaorudi kwao, na waliochukua miche iliyobebeshwa juu ya shina la mwingine aliwaapisha wang'oe kila chipukizi litokalo chini ya kovu, "Usilionee huruma, huyo ni mpangaji anayetaka nyumba." Ndivyo alivyokuwa, hakika ilimjaa, na kwa kweli mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililowaudhi watu zaidi.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na Saimi Kiuru kwenye dansi ya kiangazi mwaka 1957, Saimi wakati huo akiuza katika duka la ushirika, binti wa Räisälä huko Karelia, nchi iliyochukuliwa na Warusi vitani, aliyetolewa kwao akiwa na miaka tisa, Juni 1944, nyuma ya mkokoteni na ng'ombe wawili, mlilaki wa mama yake ukiwa umechanua kwenye pembe ya sauna, na mama huyo hakumaliza majira ya baridi yaliyofuata, akazikwa njiani, katika parokia ambamo hawakuwahi hata kuishi. Toimi alipomposa, Saimi hakuzunguka mbuyu, Wakarelia hawana desturi hiyo, alimwambia, "Toimi, nakupenda, hilo halina mjadala, nitaolewa na wewe na nitakupikia na nitakuzalia, lakini kwetu ni Räisälä, na mpaka nione mlilaki wa mama umechanua kwenye sauna yako, hapa nitapaita hapa tu, sitapaita kwetu." Kijana mwenye cheti cha Lepaa alicheka kwa furaha, akajibu, "Mlilaki tu? Mwanamke, hiyo si ndiyo kazi yangu!" akamtaka auelezee, naye akauelezea, rangi ya maziwa yaliyoingiwa na tone la juisi ya beri, kimo cha kupita paa, harufu ya kufika mpaka mitumbwini.

Hapo ndipo marehemu alipofanya kosa ambalo ni mtaalamu wa mililaki peke yake angeweza kulifanya. Majira ya kuchipua ya mwaka 1958, akitaka kumwandalia mchumba wake nafasi nzuri, aliung'oa mlilaki wa kale uliosimama kwenye pembe ya sauna ya baba yake, uliopandwa na babu, ule wa kawaida kabisa ulioko kila lango la Kokemäki, akautupa mtoni, na mzee Kustaa alipouliza, "Huo ulikukosea nini?" alijibu, "Baba, huo ni gugu, mke wa mwenye kitalu atapandiwa kitu cha maana." Ndoa ilifungwa katika kanisa hili hili tarehe 14 Juni 1958, na kwa uwezo wa Mungu wakajaliwa mabinti wawili, Raili aliyezaliwa mwaka 1960 na Marjut aliyezaliwa mwaka 1964, na wajukuu watano mnaowaona pale mbele.

Basi kila Juni ikawa ni mtihani. Aliagiza mililaki Ufaransa, akaagiza Uholanzi, akaomba vipandikizi kwa marafiki wa chuo, akachavusha ua kwa ua kwa mkono wake na kusubiri miaka saba, minane, mche wa mbegu ufungue macho, na kila mmoja ulipochanua mara ya kwanza Saimi alitoka jikoni akifuta mikono, akainama, akanusa, akasema, "Mzuri, Toimi, ila siyo," huu umekolea mno, huu unanukia sabuni, huu mfupi, mama angeukalia. Dukani walimtania, kinyozi hajinyoi, watu wanatoka Turku kuchaguliwa mililaki na yeye mkewe hajampatia, naye alicheka pamoja nao, lakini sisi wa nyumbani tulijua kuwa iliuma, hasa siku Raili alipoulizwa shuleni kwao ni wapi, akajibu bila wasiwasi, "Kwa baba ni hapa, kwa mama ni Räisälä." Toimi aliposimuliwa alichukua sepeto akaenda kuchimba mahali ambapo hapakuhitaji kuchimbwa. Hakutaka sifa ya kupata aina mpya, wala jina lake kwenye kibao, alitaka mke wake aseme neno moja tu juu ya nyumba yake, na bustani ile mnayoijua, mnayokuja kupiga picha za arusi, yote imeota kutokana na hapana za Saimi.

Juni 1992, mpaka wa Urusi ulipofunguka, walipanda basi pamoja na Wakarelia wenzake Saimi, wakaenda Räisälä, wakakuta nyumba haipo, sauna haipo, yamebaki mawe ya ghala la chini, na juu ya mawe mlilaki umekuwa kichaka kikubwa kama zizi, umechanua wote. Saimi aliingia ndani yake mpaka mabegani akalia kwa sauti, akisema, "Ndiyo huu, mama, ndiyo huu," na Toimi alibaki nje amevua kofia, akavuta tawi moja, akatazama jani, akatazama ua, akanusa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akatamani awe amekosea. Ulikuwa mlilaki wa kawaida kabisa wa kila lango. Basi liliposimama njiani watu wanywe kahawa, akamwambia mkewe, "Saimi, ule nilikuwa nao, niliung'oa mwenyewe, mwaka tuliooana, nikautupa mtoni." Saimi alimtazama, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sketi, "Ewe Toimi! Mtaalamu wangu! Ufaransa yote hiyo!"

Walipofika nyumbani, kesho yake asubuhi Toimi alikwenda na sepeto lake kwa jirani, Arvo Uotila, kuomba chipukizi, na Arvo, ambaye kwa miaka mingi aliambiwa kuwa uzio wake ni wa magugu, alimkalisha, akamnywesha kahawa kikombe baada ya kikombe, akamwambia, "Sema kwanza, sema, mlilaki wa Arvo ni mzuri," akasema, akapewa. Chipukizi lile lilipandwa kwenye pembe ya sauna, likachanua Juni 1997, Saimi akatoka jikoni akifuta mikono kama kawaida, akainama, akanusa, akasema, "Ndiyo wenyewe, rangi ndiyo, harufu ndiyo." Toimi alisubiri. Saimi akamshika mkono, akasema, "Twende ndani, hapa mbu wengi."

Alimwambia mpwa wake jioni ile, wakiwa saunani, "Mti nimeupata, neno sijalipata, na sasa najua kwamba neno haliko kwenye mti," akamwaga maji juu ya mawe, na baada ya hapo hakumpelekea tena mkewe ua la kunusa, aliendelea kuotesha na kuchagua kwa sababu alikuwa anaipenda kazi yenyewe, na nyumbani palikuwa na amani, vicheko na mikate mitamu ya iliki, ila neno lilibaki lilelile, hapa kwa Toimi, hapa Kokemäki, hapa.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka mwezi Oktoba 2015, moyo ukachoka, miguu ikavimba, na tarehe 20 Januari mwaka huu alilazwa hospitalini katika mji wa Pori, ambako walijitahidi kwa kila namna, mpaka tarehe 18 Februari daktari kijana, mtu wa upole sana, alipoiita familia kando ya kitanda na kueleza kwamba hakuna tena la kurekebisha, imebaki kuamua apumzike wapi, kuna kitanda wodini, kuna nyumba nzuri ya wazee mjini, akamgeukia Saimi, akamuuliza, "Mama, ungependa tumpeleke wapi?" Saimi, ambaye alikuwa anatafuta glavu zake kwenye mkoba, hakuinua hata kichwa, akajibu, "Apelekwe wapi tena, mwanangu, tunarudi naye kwetu."

Raili na Marjut wakatazamana. Marjut ndiye aliyethubutu, akauliza, "Kwetu wapi, mama?" na Saimi akamkaripia, "Kwetu Kokemäki, wapi kwingine, kwani sisi tuna kwetu ngapi?" Nje kulikuwa na theluji mpaka madirishani, hakuna ua lolote hospitali nzima, na marehemu, aliyedhaniwa amelala, akafungua jicho moja, akasema, "Daktari, naomba umuulize tena, sikio langu la upande huu halisikii vizuri."

Saimi akatambua neno lililomtoka yeye mwenyewe, akakaa kitini na glavu moja, akalia, na Toimi akamshika mkono ule usio na glavu, wakabaki hivyo, sisi tukatoka. Alirudishwa nyumbani tarehe 22 Februari, kitanda chake kikawekwa dirishani, akawa anatazama vijiti vyake kwenye theluji na kutuambia upi utachanua vizuri mwaka huu na upi umechoka, na tarehe 19 Machi 2016, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minne, Saimi akiwa pembeni yake anamsomea gazeti, aliaga dunia bila mateso.

Familia inawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi wa Pori, wauguzi waliokuja nyumbani kila siku barabara zikiwa zimeganda, familia ya Arvo Uotila kwa kutufagilia theluji mpaka mlangoni, wafanyakazi wote waliopitia kitaluni na kuvumilia mihadhara yake, wanachama wenzake wa chama cha bustani, mchungaji, kwaya, na kina mama walioandaa kahawa inayotungoja katika ukumbi wa parokia, ambako kila mtu anakaribishwa. Si rahisi kuwataja wote, pokeeni shukrani zetu hivyo hivyo.

Kaburi, kwa agizo la Saimi, limenunuliwa la watu wawili, na jiwe litaachwa na nafasi ya jina la pili, naye ameomba maneno ya mwisho yasiwe ya mpwa bali yake, kama alivyoyatamka jana mezani: Toimi, mume wangu, tulia, lala kwa amani hapa kwetu.